Ni Marufuku Kuishtua Serikali

Nchi ya Tumeshafika ipo, lakini msiitafute kwenye ramani. Ukitoka Tunakuja, unaipita kabla hujafika Mtatukuta. Atakayesema inafanana na kwao, hilo ni lake na majirani zake, mimi nisihusishwe. Nasimulia tu, tena kwa nia njema, maana Serikali ya Tumeshafika inapenda sana nia njema na huwa inaikagua.

Jina hilo walijipa siku walipochoka kusubiri maendeleo. Rais alisimama jukwaani akatangaza kwamba safari imekwisha, tumeshafika, kila mtu ateremke. Watu wakatazama huku na huku, wakaona palepale pa jana: kisima kilekile, shimo lilelile la barabarani, na mbuzi yuleyule ndani ya shimo. Wakapiga makofi. Ukishaambiwa umefika, kuuliza "wapi" ni utovu wa adabu.

Mambo yakaenda hivyo mpaka akateuliwa Waziri wa Usasa, Mheshimiwa Dakta Ngwanda Tamimu. Udaktari alitunukiwa na chuo alichokizindua mwenyewe, dakika chache baada ya kukata utepe. Huyu ndiye aliyegundua adui wa taifa.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Ufunguo ni nini? Ni kipande cha chuma! Na zama za chuma zilipita lini?"

"Zamani!" watu wakajibu.

"Nani alituletea kufuli? Mkoloni! Alifunga, akaondoka, akatuachia funguo tuhangaike nazo mifukoni kama wafungwa! Kuanzia leo taifa hili halifungui. Linabonyeza!"

Basi ikapita Sera ya Taifa Lisilo na Ufunguo. Funguo zote za umma zikakusanywa kwa madebe, zikayeyushwa, ikatengenezwa sanamu kubwa ya dole gumba katikati ya mji mkuu. Magari ya Serikali yakabadilishwa, yakaja ya rimoti. Unasogea nayo, mlango unakuitikia. Unabonyeza, injini inanguruma. Ilipendeza, sisemi uongo.

Sasa, waliotengeneza yale magari walikuwa watu wenye akili zao. Ndani ya kila rimoti walificha kijifunguo chembamba cha chuma, kwa ajili ya siku betri itakapoisha na mlango ukagoma. Mzazi yeyote anaelewa jambo hili. Unaweka kibiriti pembeni hata kama una umeme. Lakini wakaguzi wa Wizara walikigundua kile kijifunguo, wakashangilia kama waliomfuma jasusi chini ya kitanda. "Mpinzani aliyejificha!" ndivyo kilivyoitwa redioni. Vikachomolewa vyote, nchi nzima, vikaenda kuwa ukucha wa lile dole gumba.

*

Kabla sijaenda mbele, niwaeleze sheria moja, la sivyo mtadhani watu nitakaowataja wana wazimu.

Mwaka mmoja, kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa Rais, puto lilipasuka. Rais akaruka. Hakuruka sana, ila picha ilipigwa. Kesho yake Bunge likakaa kwa dharura, likapitisha Sheria ya Utulivu, isemayo kwamba ni marufuku kuishtua Serikali, mtu wake au kitu chake, kwa sauti, kwa waya, kwa habari mbaya au kwa njia nyingine yoyote.

Tangu hapo habari mbaya zikapungua sana Tumeshafika. Hospitali hazikuwa tena na vifo. Mama aliyekufa akijifungua alitangazwa kuwa amehama. Bondeni, wilaya ninayotaka kuwapeleka, ilikuwa na wahamiaji wengi mno. Walihama wakiacha khanga zao kwenye kamba na vichanga vyao kwa bibi zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutuma salamu kutoka huko alikohamia.

Mali ya Serikali ndiyo pekee iliyobaki na haki ya kufa. Ilikuwa na kitengo chake cha maombolezo, mashada yake ya maua na wasemaji wake.

*

Siwema ni mama wa Bondeni, anaoka mikate na kuisambaza mwenyewe kwa pikapu yake mbovu. Binti yake Tausi alipata uchungu alfajiri, mimba ya kwanza. Pikapu ikajitahidi mpaka kituo cha afya, ikavunjika ekseli getini. Ilipofika saa nne asubuhi, Nesi Mwamvita alitoka chumba cha uzazi akiwa amekunja uso.

"Bi Siwema, njoo pembeni. Mtoto ametanguliza mkono."

"Maana yake?"

"Maana yake hapa hatoki. Tausi anatakiwa kupasuliwa, hospitali ya mkoa. Tena sasa hivi. Tukichelewa, tunawapoteza wote wawili."

Siwema hakulia. Alifunga khanga vizuri akauliza gari la wagonjwa liko wapi. Liko pale nje, linameremeta, limeoshwa. Wilaya nzima ilikuwa nalo hilo moja.

Lilikuwa limeoshwa kwa sababu juma zima lilikuwa kwenye Wiki ya Kutokuwa na Ufunguo. Lilizungushwa na spika nne juu ya paa likiimba sifa za dole gumba. Jioni likawa linachaji simu za wapiga ngoma, na taa yake nyekundu ikaachwa inazunguka hadi asubuhi kwa ajili ya urembo. Halikubeba mgonjwa hata mmoja wiki hiyo, maana wagonjwa wangelichafua.

Dereva wake, Chande, alilisogelea, akabonyeza rimoti. Kimya. Akabonyeza tena. Akaisugua rimoti kwenye suruali, akaipulizia, akaibusu. Kimya.

"Betri imekufa," akasema.

"Fungua mlango kwa mkono."

"Mkono gani, mama? Mlango hauna tundu. Waliliziba."

"Boneti?"

"Kamba ya boneti iko ndani."

"Basi tuvunje kioo."

Chande alirudi nyuma. "Bi Siwema, kioo cha gari la Serikali ni uso wa Serikali. Aliyevunja kile cha Mkuu wa Wilaya mwaka jana…"

"Yuko wapi?"

"Alihama."

Siwema akaanza kutafuta jiwe. Nesi Mwamvita, aliyebaki na imani kidogo, akapiga simu.

"Idara ya Magari ya Umma, tumeshafika, nikusaidie nini?" sauti ya dada ikaimba.

"Hapa ni Bondeni. Gari letu la wagonjwa halifunguki, betri imekufa."

"Imekufa?" Sauti ikalegea. "Jamani! Poleni sana. Iliugua?"

"Dada, nina mzazi hapa, mtoto ametanguliza mkono!"

"Mungu amtie nguvu. Yeye ni nani kwa marehemu?"

*

Nisiwaseme vibaya, walikuja upesi. Mtu wa Bondeni akiumwa anasubiri mpaka apone au ahame, lakini kwa betri walikuja kabla Siwema hajapata jiwe la kumtosha mkononi. Gari la Kitengo cha Maombolezo likaingia na shada la maua kwenye boneti. Wakateremka askari wawili wenye bunduki, wakalizungushia gari la wagonjwa utepe mweusi. Nyuma yao akateremka Afisa Maombolezo, Bwana Badi, amevaa suti nyeusi, leso tayari mkononi.

"Poleni na msiba," akasema.

"Msiba bado," Siwema akajibu. "Tunataka usitokee. Hilo gari lako ni zima?"

"Zima kabisa, mama. Ila halibebi walio hai."

"Lina waya za kushtulia?"

"Zimo, ni vifaa vya kawaida."

"Basi afadhali. Mwambie askari wako avunje kile kioo kidogo cha pembeni, tufungue boneti, tuunganishe waya, tulishtue gari, binti yangu aende hospitali."

Wale askari wakashika bunduki zao vizuri. Leso ikamwanguka Bwana Badi.

"Mama, umesema tuli… nini?"

"Tulishtue."

"Gari la Serikali?"

"Basi tuliamshe."

"Ina maana Serikali ilikuwa imelala?"

"Tuliwashe, basi!"

"Serikali haiwashwi, mama. Haina upele."

"Tupige stata."

"Kupiga tena? Hilo ni shambulio la mwili."

"Tulisukume!"

"Serikali haisukumwi na mtu. Inajiendea yenyewe."

Siwema akavuta pumzi. Ndani Tausi alipiga ukelele uliomfanya kila mwanamke pale uani ajishike tumbo.

"Sikiliza, mwanangu," Siwema akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Betri yako ina moto. Hii haina. Tunaomba kuazima moto. Kuazima tu. Tutarudisha."

Bwana Badi akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, alitaka kusaidia. "Kuazima si neno baya," akasema. "Lakini masuala ya moto yako chini ya Zimamoto. Na wao, mama, kazi yao ni kuzima, si kuazima."

Tausi akapiga ukelele mwingine. Bwana Badi akainamisha kichwa kwa heshima.

"Analia vizuri sana yule," akamnong'oneza Nesi Mwamvita. "Kutoka moyoni. Mheshimiwa Waziri akifika atafurahi. Tulikuwa na wasiwasi tutapata wapi mwombolezaji mkuu."

Siwema akaokota jiwe, akatazama zile bunduki mbili. Alijua hesabu yake. Akipigwa risasi yeye, Tausi atabaki bila mtu. Akaliweka jiwe chini. Naomba mwelewe kwamba lilikuwa jiwe dogo, ila sijawahi kuona kitu kizito kama kile kikiwekwa chini.

*

Waziri alifika na msafara wa gari moja tu, maana mengine ya msafara yalikuwa yamegoma kufunguka mji mkuu. Gari lake lilikuwa refu, jeusi, lina bendera. Aliteremka akaacha injini ikinguruma, kiyoyozi kikiwaka, ili akimaliza kuomboleza akute pamepoa. Rimoti alikuwa nayo yeye mwenyewe, mfuko wa koti, karibu na moyo. Hakumwamini dereva nayo.

Siwema alimwendea moja kwa moja.

"Mheshimiwa, shikamoo. Binti yangu anakufa mle ndani."

"Ssss," akasema Waziri, akitazama pande zote. "Hafi, mama. Hakuna anayekufa. Usinishtue."

"Nipe gari lako tumfikishe hospitali."

"Mama, gari hili limekuja msibani. Haliwezi kuondoka kabla ya mwili kupewa heshima zake. Mila zetu hizo! Au wewe si Mtumeshafika?" Akampita, akapanda juu ya ngazi ya kituo, akafungua mikono. "Ndugu waombolezaji! Betri hii ilikuwa nani? Ilikuwa kijana wetu! Iliwaka kwa ajili yetu! Wako maadui wanaosema, laiti kungekuwa na ufunguo. Nawajibu mbele ya marehemu: ufunguo ungefungua mlango, ni kweli, lakini ungefunga mawazo!"

Watu wakapiga makofi, taratibu, kwa kuwa ni msiba.

"Wako wanaosema betri ilikufa kwa kuimbishwa juma zima. Mimi nasema, ni kifo gani kizuri kuliko kufa ukisifu?"

Ndani, Tausi hakupiga kelele tena. Ndicho kilichomtisha Nesi Mwamvita. Alitoka mbio, akamvuta Siwema.

"Anaishiwa nguvu. Mama, anaishiwa."

Na hapohapo Waziri akasema, "Sasa tusimame kimya kwa dakika moja. Vichwa chini, macho tufumbe. Atakayefumbua amemdharau marehemu."

Dakika moja ya Tumeshafika si dakika ya saa yako. Kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kutazama saa, inakwisha Waziri akisema imekwisha. Na Dakta Ngwanda Tamimu alipenda ukimya kupita kiasi. Ni kitu pekee ambacho wananchi walimpa bila kulazimishwa kurudia.

Uwanja mzima ukafumba. Bwana Badi akafumba, machozi yakimtoka. Askari wakafumba. Dereva wa Waziri akafumba. Waziri akafumba kwa nguvu zaidi, maana kamera ilikuwa imekuja, ingawa mpiga picha naye alikuwa amefumba.

Siwema na Nesi Mwamvita wakatazamana. Wakaingia ndani, wakamfunga Tausi kwa khanga mbili, mmoja akashika mabega, mwingine kiuno. Miguu ikawa inaburuta. Walipompita Chande, alikuwa amesimama wima, kichwa chini. Akafumbua jicho moja. Akaliangalia tumbo lile, akamwangalia Siwema. Kisha akainama akaishika miguu.

Mlango wa gari la Waziri ulikuwa wazi. Wakamlaza Tausi kiti cha nyuma, kwenye ngozi laini yenye harufu ya manukato. Siwema akakaa mbele, kwenye usukani.

"Utaliweza?" Chande akanong'ona.

"Nimeendesha pikapu isiyo na breki miaka yote hii. Hili lina breki. Nini kitanishinda?"

Chande akarudi mahali pake, akalifumba lile jicho. Nesi Mwamvita naye akabaki, kwa kuwa ndiye nesi peke yake wa kituo. Akaufunga mlango wa gari polepole kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Gari likaondoka.

Waombolezaji wote walilisikia. Matairi yakasaga kokoto, bendera ikapigapiga upepo. Hakuna aliyefumbua. Waziri mwenyewe alitabasamu, macho kafumba. Baadaye alieleza kwamba alidhani ni saluti.

*

Magari haya ya rimoti yana siri moja. Injini ikishawaka, rimoti ikiachwa nyuma, gari linakwenda tu. Linalalamika, lakini linakwenda. Ukilizima ndiyo basi, halitawaka tena. Na kwa gari la Waziri, sauti ya kulalamika ilikuwa ameirekodi yeye mwenyewe.

"Ndugu mwananchi," sauti ikasema kutoka kwenye dashibodi, "rimoti haionekani."

"Nyamaza," Siwema akasema. "Tausi! Tausi, mwanangu, niongeleshe."

"Mama… nani huyo anaongea?"

"Hakuna mtu. Ni Waziri."

"Ndugu mwananchi, rimoti haionekani. Tafadhali simama, tafakari."

"Nisimame!" Siwema akapiga gia, akaruka shimo, mbuzi akakimbia. "Mnataka tusimame sisi, nyinyi mkae! Tausi, pumua. Usisukume. Pumua kama mbwa aliyekimbia. Hivyo hivyo."

Kwenye kizuizi cha polisi, askari waliona bendera wakapiga saluti na kuinua mti. Kwenye geti la hospitali ya mkoa wakainua mwingine. Hapo ndipo nilipopapenda zaidi katika kisa hiki. Wakubwa wote wa hospitali walipoambiwa gari la Waziri linaingia, walipanga mstari mlangoni. Madaktari wanne wa upasuaji, makoti meupe, mikono imenawa. Watu wa mkoa ule walikuwa hawajawahi kuwaona zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Wengi walidhani ni hadithi tu.

Mlango ukafunguka, akateremka mwanamke mwenye unga kwenye nywele na damu kwenye khanga.

"Msimame hivyo hivyo," akasema. "Mgonjwa yuko nyuma. Mtoto ametanguliza mkono."

Mganga Mkuu alifungua mdomo aulize Mheshimiwa yuko wapi. Kisha akamwona Tausi. Kwa sifa yake niseme, aliufunga mdomo na kubeba. Wote wanne walibeba.

Siwema hakulizima gari. Aliliacha palepale chini ya kibao cha "Usiegeshe Hapa", likinguruma, likimtafuta mwenye rimoti.

*

Afande Malundi alifika kwa pikipiki alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Alimkuta Siwema kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Mikononi alikuwa na kichanga cha kiume, mkono mmoja umevimba kidogo, anakodoa macho kama anayedai kitu.

"Siwema wa Bondeni?"

"Ndiye."

"Uko chini ya ulinzi. Umechukua gari la Waziri, na umeishtua Serikali. Mheshimiwa alipofumbua macho alishtuka vibaya, amelazwa nyumbani."

"Sawa."

"Simama nikufunge pingu."

Mlango ukafunguliwa, nesi akachungulia. "Mama Tausi! Binti amepoteza damu nyingi. Benki ya damu haifunguki, mlango wake nao ni wa rimoti. Damu yako ni kundi gani?"

"Nichukueni, mtaliona." Siwema akainuka. Akamtazama Malundi, akamtazama mtoto, akamwekea yule askari mtoto kifuani. "Shika. Kichwa, shika kichwa, usiache shingo ikaning'inia. Hujawahi kuzaa wewe?"

"Nimezaa, mama, lakini…"

"Basi unajua."

Akaingia. Afande Malundi akabaki amesimama katikati ya korido, pingu kwenye kidole kimoja, mtoto kwenye mikono miwili. Watu walipita wakimpongeza. Hakusogea hata unyayo.

Siwema alipotoka alikuwa ameshikilia pamba kwenye mkono, midomo imepauka. Akakaa.

"Vipi?" Malundi akauliza. Akakohoa. "Yaani, nauliza kwa ajili ya taarifa."

"Ataishi." Ndipo hapo alipolia, kidogo, kwa hasira, akifuta kwa kiganja kama anayefuta unga mezani. Akampokea mjukuu wake.

Simu yake ikaita. Ilikuwa sauti ya Nesi Mwamvita, juu kiasi kwamba Malundi aliisikia bila kutaka.

"Bi Siwema, Tausi yukoje? Alhamdulillahi. Sikiliza, nimeletewa mwingine. Mumewe kamleta kwa toroli. Damu inamtoka, haikati. Gari la wagonjwa bado limezungushiwa utepe, wanasubiri kibali cha kuizika betri. Nifanyeje, mama? Nimpeleke na nini?"

Siwema akajaribu kusimama. Akakaa tena.

"Afande," akasema, "mimi wamenitoa damu, nitaliangusha. Lile gari liko pale nje, linanguruma. Halihitaji rimoti, mradi usilizime. Pingu nitazisubiri hapahapa. Naenda wapi na mtoto huyu?"

Malundi akatazama nje. Kupitia dirishani ilisikika sauti ya Mheshimiwa, nzito, yenye subira: "Ndugu mwananchi, rimoti haionekani."

Akazitia pingu mfukoni. Akavuta kofia yake chini kidogo, akainama karibu na Siwema, akauliza kwa sauti ndogo:

"Rivasi yake iko wapi?"